Nyumba Katika Ramani Ipewe Kimo na Umri

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika ukaingia mjini Kilosa, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Msiba wa namna hiyo huzusha maswali mawili: ni nyumba zipi zilizokuwapo kabla ya maji, na sakafu zake ziliinuka kiasi gani juu ya ardhi? Ramani ya kawaida haijibu hata moja, kwani huonyesha jengo kama umbo bapa lisilo na kimo wala umri.

Dawa ipo. OpenStreetMap, ramani ya umma iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ina nafasi ya kuandikia idadi ya ghorofa, kimo kwa mita na mwaka wa kujengwa. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi katika kuchora mitaa ikumbwayo na mafuriko. Shule za sekondari za Kilosa na Mikumi nazo zaweza kufanya kazi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wapima wenye vyombo vya gharama. Hoja hiyo haina nguvu. Fimbo ya mita 1 ikitoa kivuli cha sentimita 50, na wakati huohuo jengo likatoa kivuli cha mita 3, basi kimo cha jengo ni mita 6. Hizo ni pembetatu zinazofanana, zifundishwazo darasani. Kimo cha msingi hupimwa kwa futikamba. Umri huulizwa kwa wazee, na mwaka wa kukisia hauna budi kuandikwa kuwa ni wa kukisia.

Jengo likibomolewa, aghalabu hufutwa katika ramani. Huko Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, duka jipya likichukua mahali pa kibanda, kibanda husahauliwa. Yafaa mwaka wa kuondoka kwake uandikwe pia. Mradi wa OpenHistoricalMap hupokea hata majengo yaliyokwisha kutoweka. Majina ya wakazi, lakini, yasiandikwe kamwe, maana ramani hiyo husomwa na kila mtu.

Mto haungoji ramani ikamilike. Darasa likipima mtaa mmoja kila mwaka, mafuriko yajayo yatawakuta waokoaji wakijua pa kuanzia.