Bastola ya Mwenye Fedha Kidogo

Leo sitaki kuwachosha kwa maneno ya utangulizi, maana neno nililo nalo ni zito, nalo limeleta ugomvi barazani kwetu.

Mtoto wa shangazi yangu yuko Marekani kwa miaka mingi, amepewa ruhusa ya kukaa huko daima, naye hulinda ghala usiku. Ana mke na watoto wawili wadogo. Tena ndiye alipaye ada ya mdogo wake aliye hapa kwetu. Mwezi uliopita alituletea habari ndefu kwa simu. Asema kwamba mtaa wake umeharibika, jirani yake amevunjiwa mlango, naye ameweka akiba ya dola 500 ili anunue bastola. Anatuomba radhi kwa kuwa muhula huu ada itachelewa. Mwisho anasema, "Nimewauliza watu watatu, kila mmoja amenijibu lake."

Habari hiyo iliposomwa barazani, kijana mmoja akasimama akasema, "Silaha ni silaha. Anunue iliyo rahisi kupita zote, na fedha itakayobaki atutumie." Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga makofi. Naandika leo ili kulipinga neno lile, kwa sababu naliona kuwa neno la upumbavu lililovaa nguo ya busara. Na mtu akilifuata aweza kupoteza fedha yake, na nyumba yake pia.

Kwanza tujue twasema juu ya kitu gani. Bastola ziko za namna mbili kubwa. Ziko zile ambazo risasi hukaa ndani ya kitako, na ziko zile zenye silinda, yaani gurudumu dogo lenye matundu matano au sita, ambalo huzunguka kila mara mtu avutapo kifyatulio au nyundo. Namna hii ya pili ndiyo aliyoipatia hati ya uvumbuzi Samuel Colt wa Marekani mwaka 1836, nayo huitwa rivolva. Ndugu yetu ameichagua hii, wala simlaumu. Bastola ya silinda haina mambo mengi ya kukumbuka. Na risasi moja ikikataa kuwaka, mtu huvuta tena kifyatulio na tundu jingine huja mahali pake. Basi shauri si la namna, bali ni hili: mwenye dola 500, wala hana nyingine, anunue ipi?

Mshauri wa kwanza alimwambia, "Nunua ndogo, nyepesi, itakayokaa mfukoni." Neno hili ni tamu masikioni. Ziko bastola za silinda zenye mtutu wa inchi 2 tu, zilizofanywa kwa madini mepesi, ambazo uzito wake haufiki nusu kilo. Lakini nguvu isukumayo risasi mbele ndiyo isukumayo bastola nyuma. Na bastola ikiwa nyepesi hurudi mkononi kwa ukali zaidi. Tena mtutu ukiwa mfupi, alama mbili za kulengea hukaribiana, na kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa mbele. Aliyezoea siku nyingi aweza kuitawala. Mgeni akiipiga mara kumi, mkono humuuma, huiweka kabatini, wala harudi tena uwanjani kujifunza. Tena nyingi za hizo huchukua risasi tano, si sita. Chombo hiki ni cha fundi, nacho huuzwa kwa mwanafunzi. Ndiyo maana nasema mshauri huyu hakumtazama mtu, alitazama mfuko wa suruali yake.

Mshauri wa pili akasema, "Nunua yenye nguvu kupita zote, ya .357 Magnum." Risasi hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1935, nayo ina nguvu kweli. Ilizaliwa kutokana na ile ya .38 Special, ila ganda lake lilirefushwa kidogo, ili isiweze kuingia katika bastola za zamani zisizo na uwezo wa kuistahimili. Kwa hiyo bastola ya .357 yaweza kupiga risasi za .38, lakini ile ya .38 haiwezi kupiga za .357. Jambo hilo ni faida, sikatai. Lakini bastola hizo ni ghali zaidi, na risasi zake ni ghali zaidi. Mlio wake ndani ya chumba waweza kuumiza masikio, na mwako wake gizani hupofusha macho kwa kitambo. Mtu mwenye dola 500 akizimaliza zote kwa nguvu ambayo hataweza kuitumia, amenunua nini ila sifa? Nyumba za mji ule nyingi zina kuta za mbao na ubao wa jasi. Risasi iliyomkosa mwizi haisimami ukutani ikangoja. Hupita mpaka chumba cha watoto, au kwa jirani.

Mshauri wa tatu ndiye ndugu wa yule kijana wetu wa barazani. Alisema, "Ziko mpya kabisa kwa fedha isiyofika dola 200, za risasi ya .22. Mpya ni mpya." Wahenga walikwisha kumjibu: Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Nyingi za hizo zimefanywa kwa mfano wa bastola ya Colt ya mwaka 1873, ile ya wachunga ng'ombe. Kabla ya kila risasi, sharti mtu avute nyundo nyuma kwa kidole gumba; na kuzijaza au kuzitoa risasi ni kazi ya moja moja. Tena risasi ya .22 fataki yake imo ukingoni mwa ganda, nayo hukataa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko zile zenye fataki katikati. Kwa kupiga makopo shambani ni nzuri sana. Kwa mtu aliyeamshwa saa nane usiku, mikono ikitetemeka, si chombo chake.

Na asitokee mtu akasema, "Basi ya .22 ni kitu cha mchezo tu." Mwaka 1981 mtu mmoja alimpiga Rais Ronald Reagan kwa bastola ndogo ya rahisi ya .22. Alitoa risasi sita kwa muda usiofika sekunde mbili, akawajeruhi watu wanne. Mmoja wao, James Brady, alipigwa kichwani, akaishi na ulemavu mpaka alipokufa mwaka 2014. Bastola ya rahisi yaua kama ya ghali. Tofauti ni kwamba ya rahisi huenda isikutii siku ile unapoitaka.

Sasa mtaniuliza, "Mwalimu, umebomoa, je, utajenga nini?" Najenga hili. Asinunue ndogo, wala yenye nguvu kupita kiasi, wala mpya ya ovyo. Atafute ya zamani iliyofanywa vizuri: bastola ya chuma kitupu, ya .38 Special, mtutu wa inchi 4, risasi sita. Smith & Wesson walianza kuifanya ya namna hiyo mwaka 1899, na mwaka 1957 ikapewa jina la Model 10. Zimefanywa zaidi ya milioni sita. Kwa miaka mingi polisi wengi wa Marekani walizichukua viunoni, mpaka katika miaka ya 1980 na 1990 walipohamia bastola za namna nyingine. Na zile za zamani zikaingia madukani. Uzito wake ni kama kilo moja, na uzito huo ndio unaotuliza mkono. Nyingi zilibebwa sana, zikapigwa kidogo: nje zimekwaruzwa na mfuko wa ngozi, ndani zingali nzima. Kijana wetu akiiona ataicheka kwa kuchakaa kwake. Na acheke. Jungu kuu halikosi ukoko.

Lakini kitu kilichotumika hakinunuliwi kwa macho ya mapenzi. Aombe ruhusa ya muuzaji, na kwanza aifungue silinda aone mwenyewe kwamba haina risasi. Kisha avute nyundo polepole kwa kidole gumba, mara sita, kwa kila tundu. Kila mara sharti silinda ijifunge imara kabla nyundo haijafika mwisho. Halafu akivuta kifyatulio na kukishikilia, nyundo ikiwa imeshuka, ajaribu kuitikisa silinda. Ikicheza sana, airudishe. Atazame ndani ya mtutu kwa taa: mistari yake iwe wazi, pasipo kutu wala uvimbe. Asiyeruhusiwa kuyafanya hayo aende duka jingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa nafika penye kiini cha ugomvi wangu. Wote watatu, na kijana wetu pamoja nao, walikosa kwa namna moja: walihesabu bei ya chuma, wakadhani wamehesabu bei ya bastola. Mimi katika miezi yangu ya JKT nilipigishwa shabaha. Siku ya kwanza nilikosa karibu zote, nikasingizia bunduki. Afande akaichukua bunduki ile ile, akapiga, akapata. Tangu siku ile najua kwamba mkono hununuliwa kwa risasi nyingi za mazoezi. Kukivuta kifyatulio cha bastola ya silinda, nyundo ikiwa haijavutwa kwanza, kwahitaji nguvu ya kama kilo tano, na mtu sharti aivute bila kuyumbisha mtutu. Hilo halijui mtu kwa kusoma wala kwa kuambiwa na mwalimu kama mimi.

Kwa hiyo tuhesabu kama watu wazima. Bei hubadilika kwa mahali na kwa hali ya chombo, lakini mwenye subira aweza kuipata bastola ya namna niliyoitaja, pamoja na kodi, kwa dola kama 360. Sanduku la chuma lenye kufuli, dola 30. Visanduku vitatu vya risasi 50, kila kimoja dola 30, jumla 90. Kiwanja cha shabaha, 20. Hizo ni 500, wala hapana senti ya kututumia sisi. Na kama hawezi kuyatimiza yote manne, basi asinunue hata moja. Anunue komeo imara ya mlango na taa ya nje, na mdogo wake alipiwe ada.

Wako watakaosema sanduku ni anasa. Nawajibu kwa ukali: sanduku ndilo la kwanza kununuliwa, kabla ya bastola yenyewe. Katika Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki si vya wezi wala vya walioibiwa; ni vya watu waliojiua wenyewe kwa mikono yao. Wako tena watoto waliookota bastola chini ya mto wa baba yao wakaichezea. Ndugu yetu ana watoto wawili. Anamwogopa mtu atakayevunja mlango, na hofu yake ni ya haki. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Bastola isiyofungiwa ni mgeni aliyekwisha kuingia ndani.

Liko pia neno la sheria. Anunue kwa mfanyabiashara mwenye leseni, ajaze fomu kwa ukweli, na akubali kuchunguzwa kama iagizavyo sheria ya mwaka 1993, ambayo imepewa jina la yule Brady niliyemtaja. Wasio na ruhusa ya kukaa nchini humo hukatazwa kabisa, na wengi walioingia kwa viza ya muda hukatazwa pia, isipokuwa kwa masharti machache. Mtu akimwomba amnunulie yake kwa jina lake, akatae, hata akiwa rafiki, maana kosa hilo lina kifungo. Tena kila jimbo lina amri zake, sharti aziulize kwanza. Wala asifikiri siku moja kuileta kwetu kama zawadi. Hapa Tanzania silaha haimilikiwi pasipo kibali, kwa sheria ya mwaka 2015.

Nimemwandikia ndugu yangu haya yote, naye amejibu neno moja tu: kwamba amekwisha kununua sanduku, na bastola bado anaitafuta. Jibu hilo limenifurahisha kuliko makofi yote ya baraza.

Na wewe kijana uliyesema "silaha ni silaha," sikuchukii. Ila nakuuliza: jembe ni jembe? Mbona wewe mwenyewe ulipokwenda mnadani ulilipigapiga kwa jiwe ukasikiliza mlio wake kabla ya kutoa shilingi? Ukilichungulia hivyo jembe, ambalo likivunjika utapoteza asubuhi moja, utamshauri vipi ndugu yako achukue kwa bei tu kitu ambacho kosa lake halirudishwi?

Ni mimi,
Mwalimu wa shule ya kijiji.