Vumbi la Migodini: Kovu la Mapafu Lisomwe Sawasawa Kabla ya Dawa

Mchimbaji anayekohoa kwa muda mrefu na kupungua uzito hupimwa kifua kikuu, na ndivyo inavyostahili. Tatizo huanza pale makohozi yanapokosa vimelea, eksirei ikaonesha madoa sehemu ya juu ya mapafu, naye akaanzishiwa dawa za miezi sita kwa kudhaniwa. Madoa kama hayo huletwa pia na silikosisi, ugonjwa wa makovu utokanao na kuvuta vumbi la mawe yenye silika, ambao dawa za kifua kikuu haziutibu.

Chini ya hadubini tofauti huonekana. Kinundu cha silikosisi kilichokomaa kina nyuzi za kolajeni zilizojizungusha duara ndani ya duara, mithili ya kitunguu kilichokatwa. Kinundu cha kifua kikuu kwa kawaida huwa na kiini kilichokufa, laini kama jibini. Yapo pia makovu yasiyo na chanzo kinachojulikana, ambayo hushika zaidi sehemu za chini na pembeni mwa mapafu na kuacha matundu kama sega la asali.

Hata hivyo, mchimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani mara nyingi hahitaji kukatwa kipande cha pafu. Picha ya kifua, pamoja na maelezo ya kazi aliyofanya na miaka aliyokaa vumbini, kwa kawaida hutosha. Swali hilo la kazi halina gharama yoyote, nalo ni rahisi kusahaulika. Wala jibu moja halifungi jingine, kwa kuwa silikosisi humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu.

Jina la ugonjwa lina uzito wa kisheria pia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hulipa fidia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Cheti kisichotaja vumbi humnyima mfanyakazi hoja yake. Kwa mchimbaji mdogo asiye na mwajiri wa kumchangia, faida ya kutambuliwa mapema ni moja, nayo si ndogo: kuondoka vumbini. Kovu la silika halifutiki, na laweza kuendelea kukua hata baada ya kazi kuachwa. Wanaobaki shimoni wanahitaji mwamba uloweshwe maji wakati wa kuutoboa, vumbi lisipate kuruka.