TUGEUZE BAKULI, TUTAZAME KITAKO

Tuseme mchuuzi ashuka katika basi mjini Kakonko, afungua kitambaa, atoa bakuli jeupe lenye maua ya buluu. Asema ni kaure ya Kichina yenye miaka mia sita, iliyoletwa na misafara ya Ujiji, na kwamba atakayeinunua leo kwa fedha za maharage yake atalipwa mara kumi kesho. Mkulima au mfanyakazi afanye nini? Sisi twajibu: asitoe hata senti moja. Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza, huenda analaghaiwa. Ya pili, nayo ndiyo kubwa zaidi, huenda halaghaiwi.

Tuanze na ya kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama anunuaye chungu sokoni hakubali uzuri wa nje tu. Hukigonga kwa kidole asikilize sauti yake, kisha hukigeuza. Mjuzi wa kaure naye hutazama kitako, mahali ambapo udongo haukufunikwa na rangi ya kioo, apate kuona udongo wenyewe, mkono wa mfinyanzi, na mchanga wa tanuri ulionata. Hutazama mikwaruzo pia. Mikwaruzo ya matumizi ya miaka mingi huenda huku na huko. Ile ya msasa aghalabu hulala upande mmoja.

Wala maandishi ya Kichina yaliyo chini ya bakuli si hati ya kuzaliwa. Wafinyanzi wa mji wa Jingdezhen, zama za mfalme Kangxi aliyetawala hadi 1722, waliandika mara nyingi jina la enzi ya Chenghua, iliyokwisha mwaka 1487. Wengine walifanya hivyo kwa kuwaheshimu waliotangulia. Walaghai wa baadaye wakafanya kwa tamaa. Na likionekana neno “China” kwa herufi za Kizungu, tujue kwamba desturi hiyo ilienea baada ya sheria ya Marekani ya 1890 kudai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Bakuli kama hilo halina miaka mia sita.

Hila hii si ngeni huku bara. Watu wenye cheo katika nchi nyingi za bara walivaa visahani vyeupe vilivyokatwa katika gamba la konokono wa Bahari ya Hindi. Viwanda vya Ulaya vilipoona faida, vikaiga visahani hivyo kwa kaure, vikawauzia watu. Heshima ya watu ikageuzwa biashara ya wengine.

Sasa tuje kwenye sababu ya pili. Ikiwa bakuli ni la kweli, limetoka wapi? Huko Kunduchi na Kaole, wazee wetu walijenga makaburi yenye nguzo, wakapachika mabakuli ya Kichina katika chokaa. Mahali pengi katika mwambao pamebaki vishimo vitupu, kwa maana mabakuli yameng'olewa. Mwaka 1955 mtaalamu Mortimer Wheeler alipita kati ya Dar es Salaam na Kilwa akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina. Neville Chittick akachimba Kilwa katika miaka ya 1960, na vigae hivyo vikamsaidia kupanga nyakati za majumba na misikiti.

Kazi hiyo ni rahisi kuifahamu. Kigae kilichozikwa chini ya sakafu chatuambia kwamba sakafu ile haikujengwa kabla ya kigae kile kutengenezwa. Ndivyo tulivyoweza kuwajibu waliosema kwamba Mwafrika hakuwa na historia. Lakini kigae hunena kikiwa mahali pake. Akikichomoa mwizi, akakipeleka sokoni, huwa bubu. Mnunuzi apata chombo cha kuweka kabatini. Taifa lapoteza shahidi.

Kwa hiyo twasema: anunuaye bakuli la uongo amepoteza fedha zake, na anunuaye la kweli amewapotezea wote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na yakataza kuvitoa nchini bila kibali. Sheria hiyo haibagui kaure ya pwani na chungu cha Buha. Jembe likigonga kitu cha kale katika vilima vya Buyungu, mtu asikisafishe, asikiuze, asiendelee kuchimba. Atie alama mahali pale, aende kwa viongozi wa kijiji, nao wapeleke habari mbele.

Lakini hatuwezi kumlaumu mwananchi wa Kakonko kwa kutokutambua kitu ambacho hajaonyeshwa. Wenye dhamana ya makumbusho wana wajibu wa kuvipeleka vigae vya kweli na vya kuiga katika shule za Kakonko, Kibondo na Kasulu, watoto wavishike na kuvigeuza kwa mikono yao. Mtoto aliyefundishwa kutazama kitako hatauziwa uongo, wala hatauza urithi wake. Tusingoje mpaka vishimo vyote vibaki vitupu.