Msanifu Majengo Afike Theta

Kandokando ya barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, mashamba yamekatwa ploti na ploti zimejaa nyumba. Sensa ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru na wakazi zaidi ya 490,000. Hapa Theta, katika Kaunti ya Kiambu, nako ujenzi haujapoa: malori ya mawe ya Ndarugu hupita kutwa, na ni familia chache zisizo na ndugu anayejenga au anayeweka akiba ajenge. Lakini uliza ni nani kati yao aliyeketi na msanifu majengo kabla ya kuchimba msingi, na mikono itakayoinuka itahesabika. Makala haya yanahusu pengo hilo.

Wengi wetu tunaamini kwamba msanifu huuza ramani. Anayeamini hivyo ana haki ya kuona bei ni ghali, maana ramani ya jirani hunakiliwa kwa pesa kidogo. Tunachodai hapa ni kwamba ramani ni sehemu ndogo ya kazi yake. Sehemu kubwa ni maamuzi yanayotangulia mstari wa kwanza, na uwajibikaji unaoendelea hadi mwenye nyumba akabidhiwe funguo.

Chukua ploti moja ya futi 50 kwa 100. Ramani ya jirani haijui kama ploti yako ina udongo mweusi, ule unaovimba wakati wa mvua, ukasinyaa wakati wa kiangazi na kupasua kuta. Haijui jua la saa tisa litaingia chumba kipi, maji ya mvua yatateremkia wapi, wala kwamba jirani naye atajenga mpaka mpakani. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za kupangisha mpangaji huwasha taa saa sita mchana, akanunua tokeni za stima, kwa sababu dirisha lake linatazama ukuta. Msanifu aliyeikanyaga ploti hiyo angeyauliza hayo yote, angemwita mhandisi apime udongo na kukokotoa nguzo, na fundi angepata maelekezo yanayostahili ustadi wake.

Kuna hasara kubwa kuliko tokeni. Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Lilisimama karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Msanifu peke yake hawezi kuzuia maafa kama hayo; mhandisi, mkandarasi, mwenye mali na serikali wana sehemu yao. Hata hivyo, mjengo usio na mtaalamu aliyeweka leseni yake rehani hauna mtu wa kusema "simamisheni kazi" akasikizwa.

Sheria inayokataza asiyesajiliwa kujiita msanifu majengo imekuwepo Kenya tangu mwaka 1934, na chama cha wasanifu, AAK, kiliundwa 1967. Miaka yote hiyo taaluma imejitambulisha kwa majengo makuu. Jumba la KICC, kazi ya David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik lililofunguliwa 1973, ni fahari yetu sote. Lakini mama anayejenga vyumba sita Theta hajaonyeshwa kwamba ujuzi uleule unamhusu. Lawama ya hilo ni ya taaluma kabla ya kuwa ya mama huyo.

Chuo Kikuu cha JKUAT, kinachofundisha usanifu majengo, kiko Juja, jirani kabisa. Tunapendekeza kwamba chuo, chama na Kaunti ya Kiambu waweke siku za ushauri katika kila wadi, kwa ada ndogo, kwa Kikuyu na Kiswahili.

Nawe unayejiandaa kujenga, kabla ya kutoa pesa mwulize msanifu mambo matatu: umesajiliwa na bodi ya wasanifu majengo? Utakuja kuiona ploti? Nani atakagua kazi fundi akianza? Asiyekujibu hayo matatu, usimlipe.