Jimu si Saa ya Kupumzisha Mwalimu

Tuseme ukweli bila kuzunguka. Katika masomo mengi ya Lubumbashi, saa ya mazoezi ya mwili, ile wanafunzi wanayoiita jimu, imekufa. Mwalimu anatupa mpira mmoja kwa wanafunzi 60, anakwenda kukaa chini ya mwembe, anafungua daftari, na kila mmoja anapata 14 kwa 20. Mwisho wa mwaka buletini inaonyesha kama mtoto amefanya jimu. Hakufanya kitu.

Lakini amejifunza, na hapo ndipo sisi tunakasirika. Muangalie vile wanapanga timu. Vijana wawili wenye nguvu wanasimama mbele, wanachagua mmoja mmoja: "Miye nakamata huyu." "Na miye huyu." Wanaobaki wanatazama chini. Wa mwisho hata hachaguliwi, anasukumiwa timu isiyomtaka, na wenzake wanacheka. Wasichana hawaitwi kabisa. Wanakaa juu ya mawe na sketi zao za bluu, wanasukana nywele. Ni vile kila juma. Mtoto wa miaka 13 hasahau mambo ya namna hii. Anajifunza kama mwenye nguvu ndiye anayepanga watu, na mtu mzima aliye pale hana la kusema.

Wazee wetu hawakuacha umri huu ujipange wenyewe. Kwa Walunda na Wachokwe, vijana walipelekwa mukanda, kambi ya tohara kule porini, wakakaa huko pamoja chini ya macho ya watu wazima, wakijifunza ngoma, uvumilivu na adabu. Kwa Wabemba, msichana aliyeanza kukomaa alikuwa na chisungu chake, na wanawake wa kumfundisha. Hatusemi yote yalikuwa mazuri. Kulikuwa na fimbo, kulikuwa na woga, na hakuna kati yetu anayetaka kumrudisha mtoto wake kwenye kisu cha porini. Lakini mwembamba aliingia, mwoga aliingia, na kulikuwa na mtu mzima wa kujibu juu yao. Masomo yamechukua watoto hao, tena katika miaka ile ile. Basi yachukue na kazi yenyewe.

Wamisionari walilijua jambo hili. Mwaka 1939, Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, hapa hapa mjini wakati ulipoitwa Elisabethville, waliunda timu ya mpira kwa wanafunzi wao, wakaiita Saint-Georges. Timu hiyo ndiyo Tout Puissant Mazembe ya leo, bingwa wa Afrika mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tunaimba Mazembe mpaka sauti inakauka (na sisi tunaoandika haya tumo), tunasahau kama ilizaliwa kwa masomo. Lakini hatuombi jimu itoe mabingwa. Hilo ni kosa lingine la walimu wetu: kutafuta wawili wenye kipaji na kuwaacha wale 58.

Wazazi wanatuambia: "Mutoto wangu namutuma ku masomo juu asome, hapana juu acheze." Prefe naye anajibu kama mtihani wa Serikali hauulizi mtu kukimbia. Sawa. Lakini mtoto wa miaka 14 atatafuta wenzake, mutake musitake. Asipowapata uwanjani, mbele ya mwalimu, atawapata barabarani usiku. Kuluna wa Kinshasa nao ni vijana wa rika moja waliojipanga; wana mkubwa wao, wana sheria zao, na hakuna mwalimu aliyekuwapo walipochaguana.

Tena hapa Katanga tuko na sababu yetu. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye magare wakingojea treni. Wengine walifukuzwa na watu waliokaa nao benchi moja. Hatudanganyi kama mpira ungezuia mambo yale. Yalipangwa na wakubwa wa siasa. Lakini leo watoto wa pande hizo mbili wako tena katika darasa moja, na darasani kila mmoja anaandika peke yake, amefunika daftari kwa mkono. Katika jimu tu ndipo analazimika kumpa mwingine mpira, kuambiwa na mwenzake kama amekosa, kushindwa mbele ya watu na kesho yake kumsalimia yule aliyemshinda. Na tukiacha vijana wawili wachague, watachagua ndugu zao. Mwalimu ndiye apange. Awahesabu moja, mbili, moja, mbili. Moja wote huku, mbili wote kule. Juma hili huyu awe kapiteni, juma lijalo yule anayeogopa kusema. Hiyo ni bei gani?

Maana kilio cha kila siku ni vyombo: hakuna mipira, hakuna neti. Na nzango je? Makofi, wimbo, miguu ya wawili wanaoruka uso kwa uso. Dada zetu waliicheza kwenye mavumbi bila franga moja, na mwaka 2015 iliingia katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Ngambo wameiandikia sheria, wakaipa waamuzi. Mwalimu wetu anaiona kila mapumziko, anasema ni mchezo wa watoto wa kike. Avue viatu ajaribu!

Halafu kuna wale wanaokula uwanja wenyewe. Tunajua masomo moja, hatulitaji, ambalo mbele yake palikuwa na uwanja mzima. Kwanza walikata kona kwa butiki ya simu. Halafu depo ya simenti. Leo kuna ukuta mrefu na milango ya chuma inayotazama barabara, na kodi inaingia kila mwezi; wazazi hawajaonyeshwa inakokwenda. Saa ya jimu wanafunzi wanatoka nje ya lango, wanachezea pembeni ya barabara. Likipita kamio wanakimbilia ukutani, wanangoja, wanarudi.