Mkikuyu Aliyeitwa Ojwang'

Kazi ya mwigizaji ni ya ajabu: huweka kando tabia yake mwenyewe akavaa ya mwenzake. Leo nawaletea habari za mtu mmoja aliyeifanya kwa Kiswahili chetu, hata akapendwa na taifa zima.

Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu wa Kenya. Lakini kwa miaka mingi watu walimwita Mzee Ojwang', jina la Kijaluo, kwa ajili ya mchezo wa Vitimbi ulioonyeshwa katika televisheni ya taifa. Humo aliigiza mzee wa Kijaluo, naye Mary Khavere, yaani Mama Kayai, aliigiza mkewe. Aliyafuata matamshi ya Wajaluo kwa ustadi hata watazamaji wengi wakamdhania Mjaluo wa kuzaliwa. Alifariki dunia tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78.

Wanafunzi wataniuliza: Ajabu iko wapi? Wakikuyu na Wajaluo ni makabila ambayo siasa imeyagombanisha mara nyingi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika Kenya. Hata hivyo Mkikuyu huyo aliwachekesha Wajaluo kwa matamshi yao wenyewe, nao wakampenda. Macho yake yalipougua, Wakenya walimchangia fedha za matibabu.

Kwani kuiga kuna namna mbili. Mwenye dharau huiga ili jirani aonekane mjinga. Mwenye upendo huiga baada ya kumsikiliza sana, hata jirani mwenyewe akijitazama hucheka na kusema, “Kweli, ndivyo tulivyo.” Mapokeo ya Kanisa yasimulia habari za Mtakatifu Genesio, mwigizaji wa Roma, aliyepanda jukwaani ili kuudhihaki ubatizo. Katika kuiga huko neema ilimshika. Akakiri imani, akafa shahidi. Tazameni jinsi vazi la mwingine linavyoweza kumgeuza alivaaye.

Nasi wa Kiwanja tujipime. Katika soko letu zasikika Kinyarwanda, Kinande na Kihunde. Na mara ngapi twaiga lugha ya jirani kwa kumcheka tu? Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa hapa kwetu. Sisemi kwamba dhihaka ndiyo iliyowaua. Lakini aliyezoea kumfanya jirani kichekesho, siku ya fujo hatamwonea huruma upesi.

Basi, walimu mnaotengeneza michezo ya Noeli, nawapa shauri. Mpeni mtoto wa Kinande sehemu ya mzee wa Kihutu, na mtoto wa Kihutu sehemu ya mama wa Kinande. Kabla ya mchezo, kila mmoja aende na zawadi ndogo akakae na wazee wa jirani yake, asikilize wanavyosalimu, wanavyokaripia, wanavyobembeleza mtoto. Siku ya mchezo wazee hao waketi mbele. Wakicheka, kazi ni njema. Wakiinamisha vichwa, mtoto arudi kwao akasikilize tena.