Kusafisha kibodi nyumbani: tuyaogope maji kuliko vumbi



Juma hili tunazungumzia kitu ambacho zamani kisingepata nafasi katika ukurasa wa familia: kibodi ya kompyuta mpakato, ile ambayo wengi wetu tunaiita laptopu. Leo chombo hiki kimo majumbani mwetu. Mwanafunzi wa chuo anaporejea likizo hurejea nacho, mwalimu hutungia mitihani humo, mfanyabiashara huweka humo hesabu za duka, na kamati nyingi za misikiti, yetu ikiwamo, huhifadhi humo orodha za waumini, michango ya misiba na mahesabu ya ujenzi. Kimekuwa chombo cha nyumba kama ilivyo cherehani, lakini hatujakizoea kama tulivyoizoea cherehani. Cherehani tunajua kwamba hutaka mafuta na kitambaa kikavu. Kompyuta hatujui inataka nini, na kwa sababu hiyo huitendea kama tunavyoitendea sufuria: ikichafuka, ioshwe.

Hapo ndipo penye hatari. Mafundi wa vifaa hivi watakwambia kwamba vumbi huichelewesha kompyuta, ilhali maji huiua. Anayelifahamu jambo hilo moja amekwisha kuifahamu nusu ya elimu ya kusafisha kibodi.

Vumbi letu na ukungu wetu

Sisi wa Mwanga tuna sababu ya ziada ya kulijali suala hili. Milima ya Pare huzipokea pepo zenye mvua kutoka upande wa bahari, na huku tambarare, kuanzia Lembeni, Kisangara hadi Mwanga mjini, hutufikia upepo uliokwisha kukauka. Wakati wa kiangazi, vumbi hupenya dirisha lililofungwa, hukaa juu ya vyombo kabatini, na hukaa vilevile baina ya vitufe vya kompyuta. Ndugu zetu wa Usangi na Ugweno hawana vumbi kama letu, lakini wana ukungu na unyevunyevu, na vumbi likikutana na unyevunyevu hugeuka kuwa tope jembamba linalonata.

Juu ya hayo tuongeze mikono yetu wenyewe. Mtu hula ubwabwa kwa mkono, akajifuta juujuu, akarudi kuandika. Mafuta ya vidole hulishika vumbi, makombo ya mkate na kashata huangukia chini ya vitufe, na sisimizi huja kuyafuata. Baada ya miezi michache kitufe kimoja huanza kuwa kigumu, kingine huandika herufi mara mbili, na cha tatu hukataa kabisa.

Kilichomo chini ya vitufe

Ni vyema msomaji ajue kilichomo ndani, kwani ajuaye sababu hahitaji kukariri masharti. Chini ya vitufe vya kompyuta nyingi za mpakato kuna karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Unapobonyeza kitufe, kipira kidogo hushuka na kuigusanisha njia ya karatasi ya juu na ile ya chini, na mashine ikatambua kwamba umeandika herufi fulani. Njia hizo zimepangwa kwa safu, na safu moja huhudumia vitufe vingi. Ndiyo maana tone moja likiingia mahali pabaya, herufi kadhaa hunyamaza kwa pamoja, tena zisizokaribiana.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Katika kompyuta mpakato nyingi, bodi kuu yenye ubongo wa mashine imelala chini ya kibodi hiyohiyo, pamoja na betri. Maji yaliyopenya vitufe hayaishii kwenye vitufe. Aidha, kibodi nyingi za siku hizi zimebanwa moja kwa moja na gamba la juu, hivyo kuibadilisha ni kazi ya fundi na gharama yake si ndogo.

Nimelitazama jambo hili likitokea katika nyumba moja ya jirani. Mzee aliuza mbuzi, mjomba akaongeza, binti akanunuliwa kompyuta ya kusomea chuo. Aliporejea likizo, mama yake aliiona imechakaa kwa vumbi, naye ni mwanamke asiyeweza kulala na uchafu ndani. Binti akiwa ametoka, mama alichovya kitambaa katika maji ya sabuni ya unga, akaisugua kibodi vizuri, akaifunika kwa kanga. Jioni mashine haikuwaka. Binti alilia, akasema maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, na mama akanyamaza siku mbili. Fundi aliweza kuyatoa maandishi ya masomo yaliyokuwamo, lakini kompyuta haikurudi.

Mama yule hakukosea kupenda usafi. Hakuna aliyemwambia. Kila aliyeijua mashine ile katika nyumba alidhani kwamba ujuzi wake ni wa peke yake, na ukimya huo ndio ulioigharimu familia mbuzi wake.

Namna ya kusafisha, hatua kwa hatua

Kwanza, hifadhi nakala ya kazi muhimu katika flashi au mahali pengine, kisha izime mashine kabisa. Kufunga kifuniko si kuzima, kwani mashine huwa imelala tu na umeme ungali unapita. Chomoa chaja, chomoa flashi na kila waya, na ikiwa betri ni ya kutoka, itoe. Iache ipoe. Unyevunyevu ukikutana na umeme ndipo madini huliwa na kutu na njia huungua.

Pili, ianze kazi kwa ukavu. Ifungue mashine, iinamishe kifudifudi juu ya gazeti, uigonge mgongoni kwa vidole taratibu ili makombo yaanguke. Usiikung'ute kama mkeka. Baadhi ya kompyuta, hususan za zamani, zina diski inayozunguka ndani, na mshtuko huidhuru.

Tatu, chukua brashi laini na kavu: brashi ndogo mpya ya rangi, au mswaki laini ambao haujawahi kutumika. Piga vumbi kuelekea upande mmoja, kutoka safu ya juu hadi ya chini, mashine ikiwa imeinama kidogo ili vumbi litoke nje badala ya kuhamia kitufe kingine.

Nne, kama una pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, ipulize baina ya vitufe. Yapo pia makopo ya hewa yanayouzwa katika maduka ya kompyuta mijini. Kopo hilo lishikwe wima na lipulizwe kidogokidogo, kwani likiinamishwa hutoa majimaji baridi yanayoweza kuiharibu mashine na kuunguza ngozi. Kampuni ya Apple huwaelekeza wateja wake waiinamishe kompyuta yenyewe, kiasi cha nyuzi 75, wapulize kutoka kushoto kwenda kulia, kisha waigeuze upande na kurudia. Gesi ya makopo hayo mengi hushika moto na kuivuta ni hatari kubwa, kwa hiyo yawe mbali na jiko na mbali na watoto.

Usipulize kwa mdomo, kwani pumzi ina mate. Wala usiipeleke kwenye kompresa ya gereji inayojaza matairi. Hewa yake ina nguvu ya kung'oa vitufe, na mara nyingi hubeba matone ya maji na mafuta.

Tano, na hii ndiyo hatua ya mwisho, si ya kwanza: kitambaa. Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kama kile cha kufutia miwani au kipande cha fulana kuukuu ya pamba. Lowesha kitambaa, usiiloweshe mashine. Ukikamue hadi kisidondoshe hata tone, ndipo ufute juu ya vitufe bila kukandamiza. Baina ya vitufe tumia vijiti vya pamba vya masikioni, navyo viwe na unyevunyevu tu. Kisha futa kwa kitambaa kikavu, uiache mashine wazi kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuiwasha.

Spiriti, vitakasa mikono na Jik

Kwa mafuta yaliyogandamana, maji hayatoshi sana. Hapo hutumika alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, ambayo hukauka upesi na huua vijidudu. Katika maradhi ya Uviko-19, mwezi Machi 2020, Apple iliruhusu kifutio chenye alkoholi hiyo kipitishwe kwa upole juu ya kibodi na sehemu nyingine ngumu za nje. Itiwe kwenye kitambaa, kamwe isimiminwe wala kupulizwa juu ya vitufe. Jaribu kwanza pembeni, kwani katika baadhi ya mashine hufuta maandishi ya herufi. Fungua madirisha, na usiikaribie karibu na jiko la mkaa, mshumaa wala dawa ya mbu inayowaka.

Wapo watakaouliza kuhusu tohara yake, na ni swali la haki. Wanazuoni wamehitilafiana. Wako walioshika kauli kwamba kila kileweshacho cha majimaji ni najisi, na wako wanaotofautisha baina ya kinywaji na kemikali ya kiwandani isiyokusudiwa kunywewa. Safu hii si mahali pa fatwa. Kila mmoja na amuulize sheikh wake. Anayeona uzito moyoni ajue kwamba kitambaa chenye unyevunyevu wa maji kinatosha kwa uchafu mwingi wa kila siku.

Jeli ya kutakasia mikono isitumike hata kidogo, kwa kuwa hutiwa vilainishi vya ngozi ambavyo hubaki vikinata. Jik na dawa nyingine za kung'arishia nguo hula plastiki na madini. Sabuni ya unga huacha chembe na povu. Dawa za kufutia vioo ziachwe kwa vioo.

Tena, usivibandue vitufe kwa kisu au bisibisi. Kibodi kubwa za kompyuta za mezani huvumilia jambo hilo, lakini vitufe vya mpakato hushikwa na vikonyo vya plastiki vyembamba mno, na kikivunjika kimoja kitufe hakikai tena. Nacho kitufe kilichong'oka ni kidogo kiasi cha kumkaba mtoto anayetambaa.

Chai ikimwagika

Hili ndilo linalotokea zaidi, hususan wakati wa futari, kompyuta ikiwa mkekani jirani na birika. Usikimbilie kufuta kwanza. Ikiwa waya au soketi imeloa, zima umeme ukutani. Kisha chomoa chaja, na ushikilie kitufe cha kuwashia hadi mashine izimike. Toa betri kama inatoka. Kisha ifungue na kuilaza kifudifudi kama kitabu kilichofunguliwa, kioo kikining'inia ukingoni mwa meza, ili kilichoingia kitokee njia ileile. Futa nje, uiache.

Yaliyomwagika yakiwa maji matupu, subiri siku mbili. Yakiwa chai ya maziwa, soda au uji, ipeleke kwa fundi mapema, kwani maji hukauka lakini sukari haikauki ikaondoka. Hubaki ndani ikinata na kula madini kimyakimya.

Vitu vitatu tuviepuke. Tusiiwashe "kujaribu tu", kwa sababu jaribio hilo ndilo huiua mashine iliyokuwa ikipona. Tusiianike juani, kwani jua la Mwanga adhuhuri hukunja plastiki na kuihatarisha betri, nayo betri ya lithiamu iliyopashwa moto huweza kushika moto. Na tusiizike ndani ya mchele kama tunavyosikia watu wakishauriana. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya mashine, ila huongeza unga na punje mahali ambapo tulikuwa tukitoa vumbi.

Kinga iliyo nyepesi

Ndugu msomaji, kinga ya haya yote haina gharama. Mikono ioshwe na ikaushwe baada ya chakula kabla ya kugusa kibodi. Kikombe kikae meza nyingine, au chini kuliko kompyuta. Mashine ikishazimwa na kupoa, ifunikwe kwa kitambaa safi, lakini isifunikwe ikiwa inafanya kazi, wala isiwekwe juu ya godoro, kwani hupumua kwa matundu ya chini na ubavuni. Kabla ya kufunga kifuniko, tazama kwamba hakuna kalamu wala punje juu ya vitufe. Kioo hupasuka kwa kitu kidogo kama hicho. Na brashi kavu ipite kila juma wakati wa kiangazi, ili kitambaa chenye unyevunyevu kihitajike kwa nadra.

Kubwa kuliko yote, ajuaye na awafundishe wenziwe wa nyumbani. Kijana anayerejea kutoka chuoni na akae na mama yake, dada yake na msaidizi wa nyumba kwa dakika kumi, awaonyeshe pa kuzima, brashi ilipo na kitambaa kipi ni cha kazi hiyo. Afanye hivyo kwa adabu, kama mtoto anayemwonyesha mzazi, si kama mwenye chombo anayetoa amri. Chombo kilichonunuliwa kwa jasho la wengi ni amana ya wengi, na amana hailindwi na mtu mmoja wakati wengine wameachwa gizani.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.